Shuka Isebania, tembea, ule: na pesa yako imfikie anayepika

Acha nianze na kosa langu mwenyewe, ili usinione mjuaji.

Miaka miwili iliyopita wasee watatu kutoka Nairobi walinitumia ujumbe. Walikuwa wanaelekea Mwanza, wakaamua kulala Isebania usiku mmoja, na kwa sababu huwa naandika mtandaoni kuhusu huu mji wetu wa mpakani, wakaniuliza swali rahisi: "Bro, watu wa huko hula wapi?"

Maze, jibu nilikuwa nalo. Nimekula huu mji kutoka steji hadi forodhani. Lakini niliwapeleka kwenye hoteli moja yenye maua ya plastiki mezani, wakala chipsi na kuku, chakula ambacho wangekipata Nairobi kabla hata hawajapanda basi. Mbona nikafanya hivyo? Kwa sababu mwenye hoteli alikuwa ameniahidi soo tatu na sahani ya bure kwa kila meza nitakayomletea.

Njia ya kwenda pale inapita mbele ya kibanda cha mama mmoja anayeuza uji. Huyo mama, nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo nikarudi nyumbani sina mbele wala nyuma, alininywesha uji kwa deni karibu miezi minne. Alikuwa na daftari dogo: jina langu na ishirini, jina langu na ishirini, ukurasa mzima. Jioni ile alikuwa anafunga kibanda, akanipungia mkono. Mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye simu.

Kesho yake asubuhi nilienda kunywa uji kama kawaida. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wageni wako walishiba, mwanangu?"

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja na sibanduki. Chakula cha mji kama Isebania usitafutiwe na mtu. Kitafute mwenyewe, kwa miguu, polepole, na kila shilingi uitoe kwa mkono wako uiweke kwenye mkono wa aliyepika.

Najua unachowaza. Isebania? Si huo ni mji wa kugongewa muhuri halafu basi linaendelea?

Ndivyo wengi wanavyotujua. Barabara ya A1 inashuka kutoka Kisumu, inapita Kisii na Migori, inafika kwetu, halafu inavuka kuingia Sirari, wilaya ya Tarime, kuelekea Musoma na Mwanza. Abiria hushuka, anapanga foleni, ananunua maji na biskuti, anarudi kwenye kiti chake. Hata jina letu watu hawajakubaliana: hapa utasoma Isebania, pale Isibania. Mji ambao kila mtu ameupitia lakini hakuna anayeujua.

Lakini fikiria kidogo kuhusu mahali tulipo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuhusu mstari wa kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, huku wenye ardhi wakiwa hawajaulizwa lolote. Wakuria wakajikuta pande zote mbili. Ndiyo maana hadi leo mtu wa Kehancha anaweza kuwa na shangazi Tarime, na wote wawili jioni wanasonga ugali wa wimbi. Ongeza Waluo na samaki wao kutoka ziwani, Wakisii na ndizi zao zinazoshuka na A1, wafanyabiashara wanaovusha mchele kutoka Tanzania, madereva wa malori wanaokula popote penye mvuke. Wote wanakutana kwenye barabara moja ambayo unaweza kuitembea kwa miguu bila kuchoka. Ni mji gani mwingine utakupa hiyo?

Kwa hivyo, ukishuka, fanya hivi.

Anza na tumbo tupu na pesa ndogo ndogo. Ukijipanga, soo tano zitakutosha siku nzima. Usimpe mama wa uji noti ya elfu saa kumi na mbili unusu asubuhi, hana chenji, na utamfanya akimbie kuitafuta huku sufuria inafurika. M-Pesa ipo, lakini sarafu haina makato.

Asubuhi ni uji. Uji wa wimbi, ule mzito wa kahawia wenye uchachu kidogo, kwenye kikombe kikubwa, na mandazi au kipande cha muhogo pembeni. Usiuchukue ukatembee nao. Kaa kwenye benchi. Hapo ndipo utakuta watu wa bodaboda, wasukuma mikokoteni na wale wa kubadilisha pesa kabla mji haujawachukua. Kaa dakika ishirini na utajua mengi kuliko simu yako inavyojua: malori yamekwama au hayajakwama, mahindi yamepanda au yameshuka, nani ameoa. Mimi nilijifunza uchumi kwenye hilo benchi kuliko darasani, na huku sikudaiwa karo. Nilidaiwa uji tu, na nimeulipa.

Saa nne nenda sokoni, lakini usile. Angalia. Angalia ndizi za Kisii zilivyopangwa. Angalia omena zinavyopimwa kwa gorogoro, na muuzaji anavyoongeza kiganja kimoja juu ukimsalimia vizuri. Muulize bei imekaaje wiki hii. Atakuambia habari za mwezi, na hakutanii. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, taa ya mvuvi inakosa kazi, omena inapungua na bei inapanda. Kuna pia miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa kwetu Kenya ili samaki wazaane. Haya yote yako ndani ya sahani ya soo moja na nusu, na wengi wetu tumekula omena maisha yetu yote, hasa shuleni, bila kuyajua. Tulikuwa tunalalamika tu kwamba zina macho.

Saa saba ni kibanda. Sitakutajia kipi, kwa sababu nikikutajia nitakuwa nimeanza tena ile biashara yangu ya soo tatu. Ila nitakupa alama. Tafuta penye foleni ya watu wenye mikono yenye vumbi. Tafuta penye chakula kinachotoka motoni, si kilichokaa kwenye kabati la kioo tangu asubuhi. Angalia kama kuna maji na sabuni ya kunawa mikono na kama sufuria zimefunikwa. Ukiona hayo, ingia. Wanaosema vibanda vyote ni vichafu hawajawahi kuona jikoni za baadhi ya hoteli zenye maua ya plastiki. Mimi nimeziona.

Agiza ugali wa kahawia. Wimbi, mtama, wakati mwingine muhogo umechanganywa ndani. Una uzito wake, hauhitaji mwingi. Agiza nusu, ili ubaki na nafasi, maana siku bado ni ndefu. Uletewe na mboga za kienyeji na maharagwe.

Hapo kwenye maharagwe, simama kidogo. Hii Kuria yetu imejulikana miaka mingi kwa tumbaku. Wengi wa rika langu tumekua tukiona majani yakikaushwa, na wengine wetu tulilipiwa karo nayo, ilipopatikana. Tumbaku inakula kuni, inakula mgongo wa mama na watoto, halafu mwishoni haiwezi kuingia kwenye sufuria. Tangu 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa, WHO, FAO na WFP, pamoja na serikali, wamekuwa na mradi hapa Migori wa kuwasaidia wakulima waache tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Kwa hivyo ukiletewa maharagwe, uliza yametoka wapi. Huenda yametoka kwenye shamba ambalo juzi tu lilikuwa la sigara. Na mkulima aliyebadilisha hawezi kuishi kwa semina na fulana za mradi. Anahitaji mtu wa kuyala hayo maharagwe. Huyo mtu ni wewe.

Saa tisa, ukiwa na karatasi zako, vuka. Nisikilize kwa makini hapa: beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria na upitie kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, ambako unamalizana na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Utaona watu wanakata kona kwenye njia za panya. Hao wanajua wanakokwenda na wanajuana na watu. Wewe huna shangazi Tarime.

Ukifika Sirari, badilisha shilingi mia chache. Mia ya Kenya hukupa karibu elfu mbili za Tanzania, ila usijione bilionea, maana bei nazo zinatajwa kwa maelfu. Kisha badilisha ulimi. Kwetu mtu huketi na kusema "leta chai." Kule, ukisema hivyo, utaletewa chai na jicho. Sema "naomba chai," na kama aliyepika ni mtu mzima kukuliko, anza na "shikamoo, mama" kabla hujataja tumbo lako. Wimbi sasa inaitwa ulezi. Omena ni dagaa. Mbuta ni sangara, ngege ni sato, strungi ni chai ya rangi. Samaki ni yule yule kutoka ziwa lile lile, ila amebadilisha jina kama mtu aliyevuka kutafuta kazi.

Kula kitumbua kimoja cha moto. Ukipata nafasi tumboni, jaribu chipsi mayai, ule mkate wa viazi na mayai ambao wenzetu wanauita zege. Lakini hasa kaa ukaangalie kinachovuka: mchele ukija huku, bidhaa za viwandani zikienda kule, na akina mama wenye beseni kichwani wanaokwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Hao akina mama ndio sababu yangu kubwa ya kuandika haya. Mei 2020, wakati wa korona, Rais Uhuru Kenyatta alifunga mpaka wa Kenya na Tanzania kwa watu, mizigo tu ikaruhusiwa. Kwenye habari ilikuwa sentensi moja. Kwetu, kulikuwa na mama aliyekuwa akivuka kutoka Sirari kila asubuhi na ndoo ya vitumbua, nikawa simwoni tena. Lori la saruji lilipita; ndoo ya vitumbua haikupita. Machi 2021 Kenya ikapiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu ya kuvu, kisha siku chache baadaye ikalegeza kwa masharti. Sisemi tule sumu. Nasema kila mara wakubwa wakigombana au wakiogopa, anayeumia kwanza ni mwenye sufuria ndogo, kwa sababu hana ghala wala wakili. Alichonacho ni mteja wa leo.

Na mteja wa leo ndiye tunayempeleka kwingine, sisi vijana wa simu. Tunapiga picha ya baga tukiwa Migori mjini ili tuonekane tumefika. Tunaweka uji kwenye mtandao siku ya sikukuu ya utamaduni pekee. Halafu mgeni akituuliza watu hula wapi, tunaona haya. Haya ya nini? Hicho chakula ndicho kilichotulea.

Kuna rafiki yangu alinipinga nilipomwambia nitaandika haya. Aliniambia: wewe huna kazi, mimi sina kazi, badala ya kuwaambia watu watembee wenyewe, si tuanzishe kampuni ya kuwatembeza? Hoja yake si ya kijinga. Mfukoni inauma. Lakini nina majibu mawili.

La kwanza, ile safari yenye ladha inavuka mpaka, na Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo ndogo, na kuongoza watalii ni mojawapo. Kijana wa Isebania akijitia kuongoza wageni Sirari kwa malipo, atakuwa anatafuta ngori. La pili ndilo zito zaidi: mimi nimeshakuwa huyo kiongozi. Najua inavyokwenda. Mtu akikulipa umletee wageni, miguu yako inaacha kufuata pua na kuanza kufuata soo tatu. Mama wa uji anayeuza kikombe kwa mbao hawezi kukupa kamisheni. Kwa hivyo hatawahi kuwa kwenye ziara ya mtu yeyote anayelipwa kwa kamisheni. Ni hesabu tu.

Kazi kwa vijana zipo ndani ya hiki hiki chakula. Kuna kusafirisha maharagwe, kusaga wimbi, kuuza uji kwenye chupa za chai kwa madereva wanaokwama foleni usiku. Kuna kuchora ramani nzuri ya mji na kuiuza, ambayo mgeni ataifuata mwenyewe na kugeuka pale pua yake inapomwambia ageuke.

Kwa wakubwa wetu wa kaunti nina ombi fupi. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inasema masoko, leseni za biashara na utalii wa mashinani ni kazi ya kaunti. Kabla ya tamasha la vyakula lenye hema jeupe na msanii kutoka Nairobi, wekeni vitu vitatu: paa, bomba la maji na choo. Mama anayepika mvuani akiwa amefunika sufuria kwa mwavuli haitaji tamasha. Na mgeni anayetaka kutembea na kula anataka kujua vitu viwili tu: atanawa wapi na atajisaidia wapi. Mkifanya hayo, sisi wengine tutaufanya utalii bila hotuba.

Jioni rudi upande wetu kabla giza halijaingia sana. Barabarani utakuta mahindi ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, mayai boilo yaliyopasuliwa katikati na kujazwa kachumbari, na moshi wa nyama. Wakuria ni watu wa ng'ombe tangu zamani. Usinidanganye kwamba umekuja huku ukaondoka bila kipande cha nyama choma na chumvi. Kula umesimama. Kama unataka picha, omba kwanza. Akikataa, weka simu mfukoni, endelea kutafuna. Akikubali, usimpige akiwa ameinama kwenye moshi kama mtu wa kuhurumiwa. Subiri ajifute uso, arekebishe kilemba, acheke.

Na usibishanie bei kwa sababu umesikia ati mji mdogo ni rahisi. Kama ungelipa mia nne kwa kahawa yenye jina la Kiitaliano bila kupepesa jicho, mbao ya uji isikufanye uanze kuomba upunguziwe.

Mimi nililipa deni langu lote mwaka jana, nilipopata kazi ndogo ya kuandika. Nilitegemea mama atafurahi, labda aseme maneno mazito. Alilamba kidole, akafungua daftari, akatafuta ukurasa wangu, akauchana na kuutumia kuwasha jiko. Kisha akanimiminia kikombe na kuniambia hiki ni cha leo, na ni ishirini.

Kwa hivyo ukija Isebania, usinitumie ujumbe. Shuka steji, fuata mvuke, kaa kwenye benchi. Na akikuuliza umeelekezwa na nani, mwambie umejileta mwenyewe.